Kufa Kufaana: Fremu ya Kioo cha Gari la Kale na Mwili wa Gari Lililochinjwa

Fremu ya kioo cha mbele, yaani ule ukingo wa chuma unaokizunguka kioo na kukishikilia mahali pake, ni sehemu ya gari la kale ambayo mnunuzi huiangalia mwisho na fundi huigharamia kwanza. Kwa macho huonekana ni pambo la kioo tu, ilhali ndiyo inayoliunganisha paa na nguzo za mbele, na ndiyo inayoukalia ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, kiasi kwamba ikilegea au ikipinda, milango hukataa kufunga, kioo hupata ufa bila kupigwa jiwe, na maji ya mvua huteremka hadi miguuni mwa dereva. Magari mengi yanayohusika yaliacha kutengenezwa miaka 40 au zaidi iliyopita, na hata pale fremu mpya inapopatikana ng'ambo, nauli na ushuru huweza kuifanya iwe ghali kuliko gari lenyewe. Dawa inayobaki ni ile ambayo Waswahili waliifupisha kwa maneno mawili: kufa kufaana.

Katika lugha ya gereji, gari linalovunjwa ili viungo vyake viyafufue mengine huitwa gari la kuchinja. Jina hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa mchinjaji mwenye ujuzi hajui kukata tu, bali anajua pia mahali pa kukata, kipande kipi kina thamani na kipi kitupwe. Kwa fremu ya kioo, ujuzi huo ndio unaotofautisha gari lililokarabatiwa na gari lililozibwa viraka.

Barabara iliyoleta magari na mafundi

Ilomba ni kata ya Jiji la Mbeya iliyo kando ya TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, upande wa kuelekea Uyole, na historia ya ufundi wa magari katika eneo hilo haiwezi kutenganishwa na barabara hiyo. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965 na njia za Zambia za kusini zikawa mashakani, mafuta na bidhaa za nchi hiyo zililazimika kupitia Dar es Salaam kwa njia ya vumbi na tope ambayo madereva wa malori waliilinganisha na jehanamu. Lami iliyofuata, pamoja na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliigeuza Mbeya kuwa kituo cha lazima kwa kila chombo kilichokuwa kikienda au kutoka Zambia. Gari lililoharibikia hapo lilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini, na kwa hiyo lilitengenezwa papo hapo, kwa kile kilichokuwapo.

Kile kilichokuwapo kilipungua sana baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, wakati fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikawa bidhaa ya kuombewa kibali. Hadi serikali ilipowaruhusu wafanyabiashara, kuanzia mwaka 1984, kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, kizazi kizima cha mafundi kilikuwa kimejifunza kulitazama gari lililokufa kama ghala. Ustadi wa kuhamisha fremu kutoka gari moja kwenda jingine, ambao leo matajiri wa Ulaya huulipia fedha nyingi katika karakana za magari ya kale, nchini Tanzania ulizaliwa na dhiki, na haukuwahi kuhesabiwa kuwa ni taaluma.

Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na hazina ya kutosha ya magari hayo. Land Rover zilifanya kazi katika mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, katika misheni na katika idara za serikali, kwa sababu zilikuwa miongoni mwa magari machache yaliyoweza kupanda vilima vya Tukuyu wakati wa masika. Peugeot 404, iliyotengenezwa Ufaransa kuanzia mwaka 1960, ilijijengea jina Afrika Mashariki nzima kwa kushinda mashindano ya magari ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, ambapo ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Volkswagen ya mgongo wa kobe na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, zinakamilisha orodha ya magari ambayo fremu zake bado zinatafutwa.

Fremu za bolti na fremu za kuchomelewa

Kabla ya kuzungumzia ukarabati, ni lazima kutofautisha aina mbili za fremu, kwa kuwa kila moja ina namna yake ya kuhamishwa. Aina ya kwanza ni fremu inayojitegemea, ambayo imefungwa kwa bolti na bawaba juu ya ukuta wa mbele wa kabini na inaweza kufunguliwa au kulazwa juu ya boneti. Land Rover za mfululizo wa kwanza hadi wa tatu, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1948 na 1985, zina fremu ya namna hiyo, sawa na Land Cruiser ya mfululizo wa 40. Kuihamisha fremu hii hakuhitaji moto wala msumeno: fundi hulegeza bolti, huondoa paa au turubai, hukata nyaya za waipa, kisha hunyanyua fremu nzima pamoja na vioo vyake. Ugumu wake uko kwenye bolti zenyewe, ambazo baada ya nusu karne huwa zimeshikana na kutu kiasi cha kukatika zikilazimishwa, na ndiyo maana fundi mvumilivu huzilowesha kwa mafuta mepesi siku kadhaa kabla ya kuzigusa kwa spana.

Aina ya pili ni fremu iliyo sehemu ya bodi, ambayo haikuwahi kuwa kipande kimoja chenye jina lake, bali ni makutano ya mabati ya paa, nguzo na kifuniko cha chini ya kioo, yaliyounganishwa kiwandani kwa nukta za kuchomelea. Volkswagen na Peugeot 404 ziko katika kundi hili. Hapa fremu haifunguliwi. Hukatwa kutoka kwenye gari la kuchinja na kupandikizwa kwenye gari linalookolewa, na kazi hiyo hufanana na ya daktari wa upasuaji kuliko ya fundi wa spana.

Katika mengi ya magari haya kioo hakigusani na chuma, kwa kuwa katikati yake huwa na raba yenye mifereji miwili, mmoja ukiumeza ukingo wa fremu na mwingine ukiumeza ukingo wa kioo. Mpangilio huo unayatofautisha magari ya kale na magari ya sasa, ambayo vioo vyake hubandikwa kwa gundi nzito na hivyo kuchangia uimara wa paa. Katika gari la kale kioo ni mgeni aliyeketi kwenye raba. Mzigo wote hubebwa na chuma, na chuma kikiisha hakuna kinachosaidia.

Kutu inavyoingia

Kutu ni matokeo ya chuma kukutana na maji pamoja na hewa, na fremu ya kioo hutengeneza mazingira yanayoifaa mno. Raba inapozeeka hukauka na kupasuka, maji hupenya chini yake na kukaa katika mfereji usioonekana, na kwa kuwa maji hufuata mteremko, pembe mbili za chini ndizo huoza kwanza. Mbeya, iliyo mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na usiku wake wa baridi hufanya umande utande kwenye chuma hata siku zisizo na mvua. Gari la Ilomba, kwa hiyo, lina miezi sita ya kuloweshwa kila mwaka, na kokoto zinazorushwa na malori ya masafa marefu huhakikisha kwamba kioo chake kimebadilishwa mara kadhaa, mara nyingine kwa bisibisi iliyokwaruza rangi na kuacha chuma kikiwa uchi chini ya raba mpya.

Land Rover ina ugonjwa wa ziada. Bodi yake ni ya aloi ya alumini na magnesi, iliyochaguliwa kwa sababu chuma kiligawiwa kwa mgao nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini fremu ya kioo na ukuta wa mbele ni vya chuma. Metali mbili tofauti zinapogusana penye unyevu, huzalisha mkondo mdogo wa umeme kama ilivyo ndani ya betri, na moja kati yake, ambayo hapa ni alumini, huliwa. Wengi pia hudanganyika kwa usemi kwamba Land Rover haishiki kutu: kinachong'aa ni alumini, na chuma kilichojificha nyuma yake huendelea kushika kutu.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuficha badala ya kutibu. Tundu la ukubwa wa kidole huzibwa kwa puti, yaani ule mchanganyiko mzito unaokauka na kuwa mgumu kama jiwe, kisha hupigwa msasa na kupakwa rangi hadi mnunuzi asione kitu. Puti haina nguvu ya kubeba mzigo na huyafungia maji ndani, kwa hiyo baada ya misimu miwili ya mvua tundu la kidole huwa limekuwa pengo la kiganja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na aliyeziba kwa puti hujenga ukuta uleule huku akidhani ameokoa.

Kulichagua gari la kuchinja

Sifa ya kwanza ya gari la kuchinja ni ukoo wake. Magari yenye jina moja si lazima yawe na fremu moja, na Volkswagen ni mfano ulio wazi: vioo vyake viliongezwa ukubwa kwa magari ya mwaka 1958 na tena kwa yale ya mwaka 1965, na toleo la 1303 lililotoka mwaka 1972 lilikuja na kioo cha mbele kilichopinda. Fremu ya toleo hilo haiwezi kukaa kwenye gari la kioo bapa, hata kama magari yote mawili yanaitwa kobe na yamepakwa rangi moja. Vivyo hivyo, Land Rover za mfululizo zina vioo viwili bapa vilivyotenganishwa katikati, ilhali 110 iliyotoka mwaka 1983 ina kioo kimoja kipana.

Tofauti ya kioo bapa na kioo kilichopinda ina uzito mkubwa kwa mfuko wa mwenye gari. Kioo bapa cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati kinaweza kukatwa na fundi vioo kwa kufuata kipimo cha kile cha zamani, lakini kioo kilichokazwa kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla hakikatiki, kwani kikiguswa na almasi ya kukatia hupasuka punje punje chote kwa pamoja. Kwa Peugeot 404, ambayo kioo chake kimepinda na hivyo hakiwezi kukatwa kutoka kioo bapa, gari la kuchinja lenye fremu nzima na kioo kizima lina thamani mara mbili, na haifai kununua fremu leo na kukiacha kioo kwa ajili ya kesho.

Sifa ya pili ni mahali lilikoishi. Chumvi huharakisha kutu, na gari lililozeeka Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar limevuta hewa ya bahari miaka yote, wakati gari lililozeeka Dodoma au Singida, penye ukavu, linaweza kuwa na injini iliyokufa na mabati yaliyo hai. Sifa ya tatu ni namna lilivyokufa: gari lililokufa kwa injini au gia ni bora kuliko lililopinduka, kwa sababu kupinduka husukuma nguzo za mbele, na fremu iliyosukumwa kwa sentimita moja tu hubeba upotofu huo hadi kwenye gari jipya. Fundi makini huivuta kamba kutoka pembe moja ya fremu hadi pembe ya mkabala, kisha huvuta ya pili kukatiza ile ya kwanza. Urefu wa kamba hizo ukitofautiana, fremu imepinda.

Kukata, kupima na kuunga

Kazi yenyewe huanza kwa gari linalookolewa kusimama juu ya ardhi sawa, likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu, kwa kuwa gari lililoinuliwa kwa jeki upande mmoja hujikunja kidogo, na likiungwa katika hali hiyo hubaki limejikunja. Vyuma vya muda huchomelewa kukatiza nafasi za milango ili nguzo zisisogee pale fremu mbovu itakapoondolewa, na vipimo vyote huandikwa kabla grenda haijawashwa. Hatua hiyo huonekana ni ya kupoteza muda, lakini kilichokatwa bila kupimwa hakina tena mahali pa kuulizia kipimo.

Kipande kutoka kwenye gari la kuchinja hukatwa kikiwa kikubwa kuliko kinachohitajika, kwa sababu bati lililozidi hupunguzwa na lililopungua haliongezwi. Pale inapowezekana, fundi hafuati msumeno bali hufuata maungio ya kiwandani: hutafuta nukta za kuchomelea, huzitoboa moja baada ya nyingine kwa drili, na mabati huachana yakiwa mazima pamoja na kingo zake za asili. Pale ambapo nguzo lazima ikatwe katikati, kipande cha bati huwekwa ndani yake kama mkono ndani ya shati, ili ungio lishikwe kutoka ndani na nje, na maungio ya nguzo ya kushoto na ya kulia hayapangwi mahali pamoja na mikunjo dhaifu ya bodi.

Mabati hayo yana unene wa karibu milimita moja, na adui yake mkuu wakati wa kuunga ni joto. Gesi ya oksijeni na asetilini huunganisha vizuri lakini hupasha eneo kubwa, na bati lililopashwa hutanuka, kisha hujikunja linapopoa. Mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi hupunguza tatizo hilo, ingawa hata kwa mashine hiyo fundi hachomelei mstari mzima kwa mkupuo mmoja; huweka nukta moja kushoto, nyingine kulia, nyingine juu, akisubiri chuma kipoe, hadi nukta zikutane. Kabla nukta hazijakutana, raba na kioo hupachikwa kwa majaribio, na nafasi kati ya kioo na chuma hupimwa pande zote nne, kwa kuwa kasoro inayoonekana wakati huo hurekebishwa kwa nyundo, na ile inayoonekana baada ya rangi hurekebishwa kwa machozi.

Kupachika kioo kwa mara ya mwisho kuna ustadi wake wa kimya. Raba huvishwa kwenye kioo kwanza, kamba nyembamba hulazwa ndani ya mfereji wa nje wa raba ikiuzunguka wote, maji ya sabuni hupakwa, na kioo husimamishwa kwenye fremu. Mtu mmoja hukisukuma kwa viganja kutoka nje, mwenzake akiwa ndani ya gari huivuta kamba taratibu, na mdomo wa raba hufunguka na kuumeza ukingo wa chuma hatua kwa hatua. Kabla ya hapo, chuma chote kilichoguswa na moto kinapaswa kuwa kimepakwa praima ya kuzuia kutu, maungio yamezibwa, na nta au mafuta mazito yamepulizwa ndani ya nguzo, mahali ambapo brashi haifiki. Kipimo cha mwisho ni ndoo ya maji na karatasi kavu iliyotandazwa juu ya dashibodi.

Utambulisho wa gari na uhalali wa kipande

Swali la sheria haliwezi kuachwa nje ya mlango wa gereji, kwa kuwa neno kuchinja hutumiwa pia kwa magari ya wizi yanayovunjwa ili yasitambulike. Utambulisho wa gari nchini Tanzania hubebwa na nambari ya chesisi na ya injini zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, na fremu ya kioo peke yake haibadilishi utambulisho huo. Hata hivyo, kwenye Land Rover fremu ya kioo huoza pamoja na ukuta wa mbele unaoibeba, na fundi anapouhamisha ukuta huo mzima anaweza kuuhamisha pamoja na kibandiko cha chuma chenye nambari ya gari la kuchinja. Kibandiko cha namna hiyo lazima kiondolewe na kuhifadhiwa na nyaraka, kwani gari lenye nambari mbili ni gari lenye kesi. Mnunuzi wa kipande anapaswa kudai stakabadhi na nakala ya kadi ya gari kilikotoka, akijua kwamba kununua mali ya wizi ni kosa hata kwa asiyeiba.

Ulimwenguni, wahifadhi wa magari ya kale wameliwekea jambo hili misingi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966 na ambalo huhesabu kuwa la kale gari lenye umri usiopungua miaka 30, lina waraka unaojulikana kama Hati ya Turin, unaotaka kila kipande kilichobadilishwa kiandikwe katika kumbukumbu za gari. Kwa mujibu wa fikra hiyo, fremu iliyotoka kwenye gari jingine la kiwanda kilekile na la zama zilezile ni bora kuliko bati jipya lililokunjwa kwa kukisia, mradi historia yake isifichwe. Picha chache za simu na daftari la kurasa 20 vinatosha kuitimiza kanuni hiyo katika gereji yoyote ya Ilomba.

Mizani ya chuma chakavu

Kutu, kwa yote iliyotenda, hufanya kazi polepole. Kinachoyamaliza magari ya kuchinja kwa haraka ni mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hununua kwa kilo na kupeleka mzigo kwenye viwanda vya kuyeyusha. Mbele ya mizani hiyo, fremu nzima ya Peugeot 404 na nondo iliyopinda huwa na bei moja, na familia inayotaka kusafisha uwanja haioni sababu ya kusubiri. Gari lililovuka nusu karne likiwa na kioo chake, raba yake na pembe za fremu zisizo na tundu huweza kukatwa kwa gesi kwa muda wa asubuhi moja, na pamoja nalo hupotea uwezekano wa kuyaokoa magari mawili au matatu yanayoendelea kutembea.

Hasara hiyo inazuilika kwa gharama ndogo. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinavyofundisha ufundi wa bodi vingeweza kuyatumia magari yaliyokufa kama vitabu vya mazoezi, ambapo mwanafunzi anajifunza kutoboa nukta na kuhamisha fremu kwenye chuma halisi badala ya kuchorewa ubaoni, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko hapohapo jijini kwa ajili ya vipimo na kumbukumbu. Wenye gereji nao wangeweza kuweka orodha ya pamoja ya magari yaliyosimama, yenye aina, mwaka, mahali yalipo na hali ya fremu zake, ili mwenye kuhitaji asitafute kwa uvumi. Kwa mwenye Land Rover au Peugeot iliyolala nyuma ya nyumba, lililo jema ni kuwaita mafundi bodi waitazame kabla ya kuwaita wenye mizani, na hadi watakapofika, kuzifunika kwa turubai pembe zake mbili za chini ya kioo.